Mgonjwa wa Akili na Lugha Yake

Wako wataalamu wasemao kwamba maradhi ya akili katika nchi ya Hanang yatatibika siku waganga wa jadi watakapokwisha. Wako na wengine, wengi wao vyuoni, wasemao kinyume: waganga waachiwe kazi yao, kwa kuwa mila yajitosheleza. Makundi haya hushindana kwa ukali, na yote mawili yana kosa moja. Hayamwulizi mgonjwa kwa lugha anayoumia kwayo.

Dirma ni kata ya Wilaya ya Hanang. Humo na katika Mbulu jirani wanaishi Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, na Wairaqw. Lugha ya wale ni ya Kiniloti, ya hawa ni ya Kikushi; Kiswahili si ndugu wa yoyote katika hizo. Mama mtu mzima aulizwapo kwa Kiswahili kama ana sonona, atajibu hapana, na hapana yake itaandikwa kuwa ni uzima. Neno sonona ni zuri, na wapenzi wa kamusi wana haki ya kulijivunia, lakini halikuzaliwa Dirma. Akitafutwa mkalimani, aghalabu huwa ni mtu wa nyumba ya mume. Basi mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hujikataza kutaja jina la baba mkwe, na hata maneno yafananayo nalo. Atafunguaje moyo mbele ya watu ambao kwa ajili yao hupima kila silabi?

Watetezi wa mila nao wana la kujibu. Mila ipi? Wairaqw kwa miaka mingi wamewaendea waganga wa Kidatoga, watu wa lugha nyingine na desturi nyingine. Uganga wa huko haukujifungia uani. Ulivuka mipaka kutafuta nafuu, kama watu walivyoiendea hospitali ya Haydom tangu ilipofunguliwa mwaka 1955. Tena mila hiyo hiyo ya Wairaqw ilimtenga na jirani zake mtu aliyefikwa na misiba fulani. Anayeisifu mila na aliseme hilo pia.

Lakini daktari asicheke. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Kanada, yalitwaa zaidi ya eka 100,000 za malisho ya Wabarabaig, na makaburi ya wazee wao yakalimwa kwa trekta. Mtu asiyelala kwa sababu kaburi la babu yake limepitiwa na plau hahitaji kidonge peke yake. Wala hatalieleza hilo vizuri ila kwa lugha ambayo neno bung'eda, yaani kaburi hilo la heshima, halina haja ya tafsiri.

Njia ya kati si ndoto. Thomas Lambo, huko Aro, Abeokuta, katika Naijeria, alianza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa waliolala vijijini pamoja na jamaa zao, akawashirikisha waganga wa jadi, wala hakuziweka kando dawa za hospitali. Tanzania nayo ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008. Karatasi hazikosekani. Dirma yahitaji mkalimani wa Kidatoga na wa Kiiraqw, mtu mzima, mwenye mshahara, asiye jamaa wa mgonjwa.