Ukuta wa Mmoja, Ufa wa Jirani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika fuo zetu za Pwani, methali hii yaelekea kupinduka: ajengaye ukuta ndiye amfunguliaye jirani ufa.

Kazi yangu ni lugha, nami husikiliza watu wasemavyo. Kila mawimbi yanapoangusha mnazi au kubomoa ngazi za hoteli, husikia kauli moja: "Bahari imekula ufuo." Kisarufi, bahari ndiyo mtenda, na binadamu hayumo. Kauli hiyo ina ukweli, kwani kina cha bahari kinapanda ulimwenguni. Hata hivyo, yamficha mtenda wa pili.

Mchanga ni msafiri. Mawimbi hupiga ufuo kwa mshazari na kuusukuma mchanga kandokando ya pwani. Wakati wa kusi huelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi hurudi kusini. Mwingine hutoka mbali: Mto Sabaki huleta tope na mchanga kutoka bara, na ndiyo maana ufuo wa Malindi umepanuka ilhali fuo nyingine zinamegwa.

Huko Nyali na Bamburi, baadhi ya wenye viwanja wamejenga kuta ufuoni. Siwalaumu kwa hofu yao. Nani atazame nyumba yake ikining'inia asifanye jambo? Lakini wimbi ligongapo ukuta hurudi kwa nguvu na kuchota mchanga ulio mbele yake, na mchanga ulio nyuma ya ukuta haushuki tena kuulisha ufuo. Jirani aonapo kiwanja chake kinamegwa, naye hujenga wake. Mvuvi asiye na kiwanja wala saruji hukosa pa kupweleza ngalawa yake, na kasa hukosa pa kutagia mayai.

Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 yaitaja ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Iweje basi hatima ya mali ya umma iamuliwe kiwanja kwa kiwanja? Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 nacho chataka pwani iwe na mpango mmoja wa taifa.

Maoni yangu ni haya. Kibali cha ukuta kisitolewe kabla majirani wa pande zote mbili, wavuvi wakiwemo, hawajasikizwa, na kabla safari ya mchanga haijapimwa katika kusi na katika kaskazi. Kipimo cha msimu mmoja ni nusu ya habari. Majengo mapya yawe mbali na maji. Na yule ambaye nyumba yake i hatarini leo asaidiwe ndani ya mpango wa ufuo mzima, asiachwe ajiokoe kwa kumwangamiza mwenziwe.

Tuanze kwa kuisahihisha sarufi yetu. Bahari imekula, naam. Lakini sisi ndio tulioipakulia.