Nyimbo ni zako, lakini ufunguo ni wa nani?

Kama una nyimbo nyingi kwenye kompyuta na unafikiria kubadilisha simu, hebu kumbuka kisa cha Palm Pre.

Simu hiyo ilitoka Juni 2009. Ukiichomeka kwenye kompyuta, ilijifanya iPod, na iTunes ikaipa nyimbo. Julai, Apple ikatoa iTunes 8.2.1 na ujanja ukaisha. Palm wakarudi na toleo jipya la webOS, safari hii simu ikitumia nambari ya USB ya Apple. Septemba, shirika linalosimamia USB likawakemea.

Palm walikosea kutumia nambari isiyo yao, hasa kwa kuwa iTunes ilikuwa na faili ya XML ambayo programu nyingine ziliweza kuisoma. Lakini aliyeumia ni mwenye nyimbo. Simu iliweza kucheza MP3 zake bila shida. Kilichokosekana ni ruhusa ya programu moja tu!

Kwa hivyo, wasomaji wangu, wekeni nyimbo kwenye folda mnazozijua, kwa MP3, na orodha zenu kwa M3U. Ukibadilisha simu, unanakili tu, huombi mtu ruhusa.