Feni ya jikoni isiwe mtego kwa wanaorejea

Katika mizigo inayovuka Rusumo, Kobero na Mutukula, mingine ya biashara na mingine ya ndugu zetu wanaorejea nyumbani, imo feni ya kuvuta moshi, ile inayofungwa juu ya jiko. Ni chombo kizuri. Lakini nasema wazi kwamba kikifungwa katika chumba kilichozibwa, chenye moto wa makaa au hita ya gesi, kinaweza kuua.

Feni hiyo haitengenezi hewa, huitoa nje tu. Chumba cha kupikia cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina hewa isiyofika mita za ujazo 23. Feni inayotoa mita za ujazo 300 kwa saa huhamisha kiasi hicho kwa chini ya dakika 5. Lazima hewa nyingine iingie. Mlango na madirisha yakifungwa, itavutwa kupitia bomba la moshi la hita, na moshi uliopaswa kupanda utashuka ndani.

Humo mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na mwili hulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria. Wakiugua watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja na waende hospitali.

Alikotoka ndugu yetu pengine alipikia umeme, hapa atapikia makaa. Jiko la makaa lililowekwa sakafuni halina bomba, na feni iliyo juu ukutani haiukusanyi moshi wake wote. Umeme ukikatika, feni husimama lakini makaa huendelea kuwaka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba makaa yapikiwe nje au barazani.

Mwenye hita ya gesi amwite fundi. Fundi afunge madirisha, awashe hita na feni kwa kasi ya juu, kisha asogeze udi unaofuka kwenye mdomo wa bomba la hita. Moshi ukirudi chumbani, hita izimwe na isitumike hadi litobolewe tundu la kuingizia hewa na jaribio lirudiwe.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Zipo feni zisizo na bomba la kwenda nje, ambazo huchuja mafuta na harufu kisha huirudisha hewa chumbani. Hizo haziondoi sumu hiyo, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajalipa.

Nayaomba mashirika ya viwango, TBS, UNBS, RSB na BBN, yadai kila feni ya aina hii iuzwe na maelezo ya Kiswahili. Karatasi moja ndani ya boksi si gharama ya kumshinda mwagizaji.