Tubadilishe Nywila, na Ninyi Fungeni Mlango wa Nyuma!

Wasomaji wangu, leo siandiki habari za foleni ya kantini wala bumu lililochelewa. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna tangazo limebandikwa kila ubao hapa chuoni, mpaka kwenye mlango wa bafu la hosteli yetu. Linasema wanafunzi tumekuwa wazembe na nywila zetu, tuzibadilishe kila mwezi, tusiazimane, na atakayeingia kwenye mfumo wa matokeo isivyo halali atashughulikiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mhuri, saini, basi.

Chanzo chake tunakijua wote. Muhula uliopita alama za somo moja la mwaka wa pili zilibadilika ndani ya mfumo. Walioitwa kuhojiwa ni wanafunzi peke yao. Dada mmoja ninayekaa naye kimbweta kimoja aliitwa mara mbili kwa sababu C yake ilikuwa imegeuka B+, na yeye ndiye aliyekwenda kwa miguu yake kuripoti kwamba alama ile si yake! Mwingine alishushwa, akaandikiwa sapu. Huyo wala hakuna aliyemwita.

Sasa nauliza: tangu lini nywila ya mwanafunzi ikabadilisha alama? Mimi nikiingia naona matokeo yangu tu, sina pa kuandika chochote. Mhadhiri anaandika alama za darasa lake. Anayegusa kila kitu, alama, ada, majina, ni msimamizi wa mfumo, na yeye ana ukurasa wake wa kuingilia. Huo ndio mlango wa nyuma ninaousema, na tangazo halikuutaja hata kwa herufi moja.

Ukurasa huo nimeuona kwa simu yangu nikiwa likizo nyumbani, mkoa mwingine kabisa. Sikujaribu kitu, niliuona tu. Umeandikwa jina la programu na namba ya toleo lake, kama kibao cha duka. Mimi nasomea ualimu, sisomei kompyuta, ila nimefanya mazoezi ya kufundisha. Pale shuleni mitihani ilikaa kwenye kabati ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Lilikuwa na kufuli, ndiyo, lakini pia lilikuwa ndani. Hakuna aliyelitoa likakae stendi ya basi kisha akawaambia wanafunzi wawe waaminifu.

Mnadhani natia chumvi? Tuchukue Webmin, programu ya bure ambayo mafundi duniani kote huitumia kusimamia seva kupitia kivinjari. Aprili 2018 kuna mtu aliingia kwenye kompyuta ya waundaji wake, ile ya kuandalia matoleo, akapachika msimbo wa hila. Unajua aliupachika wapi? Kwenye faili la kubadilishia nywila iliyokwisha muda! Toleo la 1.890 likatoka na tundu hilo likiwa wazi tangu siku ya kuliweka. Mtu wa mbali aliweza kuiamuru seva kwa mamlaka yote bila kujua neno la siri la mtu yeyote. Lilikuja kujulikana hadharani Agosti 2019, miezi 16 baadaye, likazibwa kwenye toleo la 1.930. Sasa niambieni, watumiaji wa seva ile wangebadilisha nywila mara ngapi ndipo wapone? Tena tundu lilikuja ndani ya kifurushi rasmi, kwa hiyo hata fundi mwenye bidii ya kusasisha alilipokea. Aliyekuwa na nafuu ni yule ambaye ukurasa wake wa Webmin haukufunguka kutoka nje ya ofisi yake.

Na nywila zenyewe, wazembe ni nani? Septemba 2017 kampuni ya Marekani ya Equifax ilikuwa imetoka tu kutangaza kwamba imeibiwa taarifa za watu zaidi ya milioni 140. Siku hizo hizo ikabainika kwamba huko Argentina mfumo wake wa wafanyakazi, wa kushughulikia malalamiko ya wateja, ulikuwa unafunguka kwa jina "admin" na nywila "admin". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeona aibu.

Halafu kuna suala la muda. Tarehe 15 Oktoba 2014 waundaji wa Drupal, inayoendesha tovuti nyingi mno, walitangaza kiraka cha tundu ambalo lilimwezesha mtu asiye na akaunti kujipa madaraka ya msimamizi. Wiki mbili baadaye wakasema wazi: tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba baada ya tangazo, mwenyewe aichukulie kuwa imeshaingiliwa. Kwa saa zetu, tangazo lilitoka kama saa moja jioni, na mwisho wa usalama ulikuwa saa nane usiku. Ofisi yetu inafungwa saa tisa na nusu alasiri, Ijumaa mapema zaidi.

Najua nitaambiwa, "Kijana, hata Wamarekani wanadukuliwa." Sawa, ila wao hawakuwaita wateja kamati ya nidhamu. Nitaambiwa pia hakuna fedha. Jamani! Viraka vya Webmin na Drupal vilitolewa bure. Kuufungia ukurasa wa msimamizi kwenye mtandao wa ofisi hakuhitaji zabuni. Kumpa kila msimamizi akaunti yake nako ni bure, na hapo ndipo pananiuma zaidi, maana nasikia watu wanne wanatumia akaunti moja. Kumbukumbu za mfumo zitasema "msimamizi" alibadilisha alama. Yupi? Basi inakuwa rahisi kumwita yule dada.

Na kama tunatajiana sheria, tutajiane zote. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hiyo inambana anayetunza taarifa za watu azilinde. Mbona hiyo haikubandikwa bafuni?

Nimempa mbunge wetu wa kitivo maswali matatu ayapeleke kwenye kikao na utawala. Nani kwa jina la cheo chake anaweka viraka vya mfumo wa matokeo? Mara ya mwisho aliviweka tarehe gani? Na yule aliyeshushwa akaandikiwa sapu, alama yake inarudishwa lini? Kikao ni Alhamisi saa nane. Sapu yenyewe ni Jumatatu.