Mtandao wa bure nao una anayeulipia

MKULIMA anajua kwamba mbegu ya bure haikosi aliyeinunua. Ni serikali, ni mfadhili, au ni kampuni inayotaka kukuuzia mbolea msimu ujao. Intaneti ya bure haina tofauti na mbegu hiyo. Kenya ilitangaza mwaka 2022 mpango wa kuweka vituo 25,000 vya intaneti ya bure, vikiwamo vya masokoni. Hapa kwetu si ajabu chama cha msingi kufuatwa na mtu mwenye mradi wa kompyuta na taarifa za bei, asitake hata senti moja. Kabla ya kumpigia makofi, ni vema tukatazama waliotangulia.

Mwaka 1984, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Tom Grundner, aliunganisha kompyuta na laini moja ya simu ili wananchi waulize maswali ya afya na kujibiwa na madaktari. Huduma ilipendwa. Julai 1986 akafungua kitu kikubwa zaidi, Cleveland Free-Net. Mtu alipiga simu kwa kompyuta yake akaingia kwenye mtandao uliopangwa mfano wa mji: posta, shule, mahakama, zahanati na uwanja wa mazungumzo. Hakutozwa kitu. Grundner alikuwa akiufananisha na maktaba ya umma, mahali ambapo maskini na tajiri wanasoma kitabu kilekile.

Kanuni zake zilikuwa chache. Kuingia ni bure. Mgeni anaweza kusoma, lakini anayetaka kuandika ajiandikishe kwanza, ili akitukana au kudanganya ajulikane. Na kila sehemu ina mtu aliyejitolea kuisimamia.

Kanuni hiyo ya tatu ndiyo ningependa wakulima waishike kuliko zote. Taarifa isiyo na mwenyewe ni hatari kuliko kukosa taarifa. Chukua bei ya viazi. Mtandao ukiandika bei ya gunia bila kusema gunia hilo lina kilo ngapi, umemsaidia nani? Sote tunaijua lumbesa. Mkulima anaona bei ya gunia, anakubali, halafu mnunuzi anashindilia na kuongeza kilemba juu. Mwenye mizani anafaidika na taarifa ileile iliyowekwa kumlinda mkulima. Kwa hiyo bei iandikwe kwa kilo, itajwe soko gani, tarehe gani, na nani aliyeipeleka. Bei ya juzi isiachwe ikae kana kwamba ni ya leo. Kama hakuna mtu wa kuifanya kazi hiyo kila asubuhi, afadhali ukurasa wa bei usiwepo kabisa, kwa sababu dalali ana simu ya watu wake sokoni na hategemei ukurasa huo.

Tuje kwenye fedha. Cleveland ilitegemea kompyuta na mitambo ya chuo kikuu. Mwaka 1989 Grundner alianzisha shirika la kueneza mitandao ya namna hiyo katika miji mingine, nalo likafilisika mwaka 1996. Septemba 30, 1999, Cleveland Free-Net yenyewe ikafungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba programu zake zisingeweza kuvuka mwaka 2000. Mimi kama mchumi nasoma jambo jingine pia. Watumiaji hawakuwa wamiliki, hivyo chuo kilipoona haifai kuendelea kuutengeneza, hawakuwa na mkutano wa kukataa wala mfuko wa kuuokoa.

Linganisha na Ottawa, Kanada. National Capital FreeNet ulianza mwaka 1993, nao ukisaidiwa na chuo kikuu, Carleton. Lakini huo ulikuwa na wanachama wanaochagua bodi na kutoa michango ya hiari, na baadaye ukaanza kuuza huduma ya intaneti kwa bei nafuu ili ujiendeshe. Uko hai hadi leo. Wapo watakaosema kuuza ni kuvunja kanuni ya bure. Sikubaliani nao. Kanuni inavunjwa pale asiye na fedha anapofungiwa mlango, siyo pale mwenye nacho anapolipia cha ziada. Vituo vya Nakaseke, Uganda, na Sengerema, mkoani Mwanza, vilivyosaidiwa na UNESCO, ITU na IDRC ya Kanada, navyo vilitoza ada ndogo kwa baadhi ya huduma, na sioni aibu yoyote hapo.

Ipo pia bei isiyotajwa. Siku hizi namba ya simu ya mkulima, ukubwa wa shamba lake na kiasi alichovuna ni mali inayouzika. Mnunuzi akijua nani ana mzigo na nani ana deni la pembejeo, ameshinda kabla ya mazungumzo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Chama kinapopewa kompyuta za bure kiulize kwa maandishi: orodha ya wanachama itakaa wapi, na nani anaruhusiwa kuiona?

Swali la pili ni nani atalipa mwaka wa nne, mfadhili akishaondoka. Hapa vyama vyetu vina uwezo kuliko vinavyodhani. Chama cha korosho kinachopeleka mnadani tani 500, kikikata shilingi 2 tu kwa kilo, kinapata shilingi milioni 1 kwa msimu, yaani kama shilingi 83,000 kwa kila mwezi. Hiyo inaweza kulipia intaneti ya ofisi moja, na wanachama wakaitumia bila kutoa kitu mlangoni. Fundi, umeme na mlinzi hawamo ndani ya hesabu hiyo. Hao wajadiliwe kwenye mkutano mkuu, mapema, kabla minada haijaanza Oktoba na kila mtu kukimbilia ghalani.