Tupeni Mita 400

Barazani kwetu Kikwajuni neno ni moja tu: wahuni. Kijana akisikika usiku anavurumisha gari, mhuni. Akionekana kifua wazi chini ya injini, mikono imejaa girisi, naye mhuni. Basi leo naomba wabarizi wenzangu mnisikilize, maana mmoja wa wahuni hao ni mimi, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu.

Gari tuliiunda uani, mimi na mtoto wa dada yangu, kwa miezi 14. Fremu ni ya mabomba ya chuma tuliyoyachomea wenyewe. Injini ni ya Toyota Corolla iliyooza bodi, kiti kimetoka kwenye daladala bovu, na milango haina. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza sijapata kufurahi vile tangu kuzaliwa mwanangu wa kwanza, na mke wangu anisamehe.

Ikabaki kuipima. Wapi? Vijana wote jibu lao ni moja: barabarani. Tukaenda baada ya Alfajiri, barabara moja ya shamba ambayo jina lake nalificha, kushindana na Mark II ya kijana mmoja. Tulihesabu kwa hatua mita 400, tukaweka jiwe. Mara ya kwanza niliachia klachi kwa pupa, injini ikazima, vijana wakaniangulia kicheko. Mara ya pili ikachomoka. Gia ya pili, ya tatu, upepo unanitoa machozi, Mark II iko mbele kidogo tu. Na hapo ndipo alipotokeza kwenye miembe mzee wa baiskeli, tenga la boflo nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Gari ilizunguka ikaingia majanini. Mzee alianguka, hakuumia, boflo zikatapakaa lami nzima. Aliinuka, akanitazama, akasema, "Kumbe mtu mzima!"

Neno hilo halijanitoka. Lakini anayedhani kwamba kisa hiki kinawapa haki watu wa barazani, la hasha! Tazameni resi za ngalawa. Ngalawa nayo huchongwa na mtu kwa mikono yake, kwa gogo la mwembe, nayo hupelekwa mbioni mara ya kwanza bila ya mwenyewe kujua kama itakwenda au itampindua. Hupinduka mara ngapi? Nani amemwita nahodha mhuni? Watu hujaa Forodhani kumshangilia. Ngalawa imepewa bahari, siku na zawadi. Gari haikupewa kitu.

Marekani nako vijana walishindana mabarabarani, mpaka Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA mwaka 1951. Hakuwatukana. Chama kiliwatoa barabarani kikawapa njia zao, helmeti, na ukaguzi wa gari kabla haijaondoka. Na bado watu hufa: mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mashindanoni, gari za kasi kubwa kabisa zilipunguziwa masafa kutoka mita 402 hadi 305. Wenzetu ajali huwazalia kanuni. Sisi hutuzalia matusi. Hata ndugu zetu walioko Ghuba, wakitaka kupima gari zao, Abu Dhabi pana njia maalumu pale Yas Marina.

Mtaniambia pesa hazipo. Sawa. Fungeni barabara moja ya shamba asubuhi moja kwa mwezi, askari wakae pande zote mbili, gari ya wagonjwa iwe karibu, na fundi mkali akague breki. Mbona misafara ya wakubwa hufungiwa barabara, tena bila ya kuambiwa sababu?

Mwenye boflo nilimlipa mikate yake yote, na ringi ya baiskeli juu. Gari ipo uani, imefunikwa turubai. Jana mtoto wa dada yangu alinijia kuomba ufunguo. Sikumpa. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Haidhuru, mjomba, Mark II ipo."