Kazimia: mikono ipo, gati na barabara viko wapi?

Kwenye ramani, Kazimia haiko mbali. Ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Kusini ni Kalemie, ambako reli ya Kongo ilifika mwaka 1915. Katikati kuna Ziwa Tanganyika, na Kazimia iko ukingoni mwake. Lakini mama mwenye magunia matano ya ndagala bado anangoja boti siku mbili, halafu vijana wanabeba magunia yake kichwani huku maji yakiwafika kifuani, kwa sababu boti haina pa kufunga. Gunia moja likianguka, faida ya wiki imeisha.

Utajiri wa teritware ya Fizi ukizungumzwa, kila mtu anataja dhahabu ya Misisi. Misisi na Kazimia ziko katika sekta moja, Ngandja. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrahaba iende kwa sekta au mji ambako madini yanatoka. Lakini mrahaba huo hulipwa na kampuni zenye hati, na dhahabu inayochimbwa kwa chepeo na kutoka mfukoni mwa mtu haiachi hesabu yoyote nyuma yake. Wakaaji wa pwani wanaokaa wakingoja dhahabu ijenge barabara yao watangoja sana.

Kuna utajiri mwingine ambao haujifichi. Fundi wa boti wa pwani hii hajasoma chuo cha ufundi. Alianza akimshikia mzee wake mbao. Anachagua mti kwa macho, anapinda mbavu za boti bila mchoro, anaziba nyufa kwa pamba, na boti hiyo inabeba watu, mihogo na mapipa ya mawese kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470. Karibu naye kuna mshona nyavu, msuka vikapu, na mama anayepika sabuni kwa mawese. Ondoa hao, na soko la Baraka litapungua siku hiyo hiyo. Lakini katika mipango ya maendeleo hawa wanaitwa watu wasio na kazi.

Ndagala ni mfano ulio wazi zaidi. Zinavuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, na asubuhi zinaanikwa kwenye mchanga. Mvua ikinyesha zinaoza. Jua likiwaka zinakauka na mchanga ndani, na mnunuzi anapunguza bei. Upande wa Burundi, kwa msaada wa FAO, watu wa pwani walifundishwa kuzianika juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini. Samaki zinakauka upesi, hazina mchanga, zinauzwa bei nzuri. Chombo chenyewe ni miti, waya na misumari. Seremala wa Kazimia anaweza kukitengeneza kabla ya chakula cha mchana, kama misumari imefika.

Na hapo ndipo shida ilipo: misumari ifike kwa njia gani? Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka Uvira, inapita Baraka, Fizi, Lulimba na Misisi hadi Kalemie, ikiiacha Kazimia pembeni. Mvua zikianza, lori linalala kwenye matope. Panapopitika, kuna kamba barabarani na mtu anayedai pesa bila kutoa risiti. Tangu Bukavu ilipochukuliwa Februari 2025, vita vimeifanya njia ya kaskazini kuwa ngumu zaidi, na pwani inaegemea ziwa kuliko zamani. Ziwa nalo, maji yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, lilimeza nyumba na sehemu za kuanikia.

Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara na watu wake walivuka usiku kutoka Kigoma wakashuka Kibamba, pwani hii hii ya Fizi. Bunduki zilipata njia. Miaka 60 baadaye, sabuni na ndagala bado zinashushwa kwa mabega.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na viongozi walisema mipaka itakuwa mepesi kwa wafanyabiashara. Kwa mwenye kontena labda. Kwa mwenye vikapu 20 anayevuka kwenda Kigoma, wepesi ungekuwa bango moja ufukoni linaloonyesha ushuru halali, na risiti kwa kila franka.

Familia zilizohama zinahusika moja kwa moja. Waliokimbilia Nyarugusu tangu 1996, na wanaolala leo kwa jamaa zao Baraka, wengi waliondoka na ufundi wao mikononi bila randa wala nyavu. Wanapewa unga, na unga ni lazima, watoto wanakula. Lakini fundi aliyepewa msumeno anaweza kulisha watoto wake mwezi unaofuata bila kupanga mstari.

Wabunge wa jimbo wanapojadili bajeti, waliochaguliwa Fizi waulizwe vitu vitatu kwa jina: gati la Kazimia, hangari ya kuhifadhi mizigo isilowe, na kipande cha barabara cha kuiunganisha pwani na namba 5. Kila kimoja kiwe na kiasi chake cha pesa na tarehe yake. Jibu lisomwe redioni, ili mwenye magunia matano naye alisikie.